Tairi za Kona ya Tangi

Binti yangu alianguka kwenye kona ya tangi siku ya mvua, akavunja mtulinga wa kushoto na kuchubuka paja zima. Hilo lilitokea miezi minane kabla ya haya ninayoyaeleza. Mfupa uliunga. Picha niliiona mwenyewe, na daktari alisema umeunga vizuri kuliko alivyotarajia. Kilichobaki hakikuonekana kwenye picha: mvua ikinyesha, hakuweza kushuka mlima wenye kona ile juu ya baiskeli. Akifika karibu na kona alisimama, akashuka, akaikokota baiskeli kwa miguu mpaka chini kama mtu anayeswaga mbuzi mkaidi.

Sikumbembeleza. Siku ileile, wodini, nilimwambia, "Ulikamata breki katikati ya kona."

"Sikukamata, Mama."

"Barabara ile niliipima kwa mikono yangu. Haina kasoro. Basi kasoro ilikuwa juu ya baiskeli."

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya barabara. Nina stashahada na miaka kumi na saba ya kupima kokoto, lami na utelezi, na nikisema barabara inashika, watu huandika kwamba inashika. Binti hakubishana tena. Kocha wake naye alisema ni breki. Wenzake wa timu ya baiskeli hawakuchelewa, wakampa jina: Breki. "Breki, umefika?" "Breki, tupishe tupite." Mbele yao alicheka. Nyumbani hakucheka.

Kisha kocha akatangaza mchujo. Wasichana walikuwa tisa na nafasi sita. Wangepanda mlima na kushuka mara nne, kisha wapande mara ya mwisho na kumalizia juu, mvua inyeshe isinyeshe, na tulikuwa katikati ya msimu wa mvua. Zilibaki wiki tatu.

"Asiyeweza kushuka kwenye maji arudishe jezi mapema, asitupotezee muda," alisema, akiwatazama wote tisa kwa kumtazama mmoja.

Binti alikuwa na miaka ishirini na moja. Timu ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani alfajiri bila kuitwa. Katika miezi ile mitatu ya bandeji nilishaona anavyokuwa bila timu: analala mpaka jua linamkuta, anakula akiwa amesimama, ukimuuliza kitu anajibu "sawa" hata kama swali halitaki sawa. Sikutaka kumwona hivyo tena. Yeye mwenyewe alikuwa ameifua jezi, akaikunja na kuiweka mezani karibu na mlango, tayari kurudishwa.

Baba yake hutengeneza redio, na kazi hiyo imemfundisha kwamba kitu kikileta taabu unaanza kwa kukizima. "Mwache apumzike mwaka huu," alisema.

"Ameshapumzika," nilisema. "Tubadilishe tairi."

Jumatatu nikampeleka kwa fundi baiskeli. Fundi ni mzee mwembamba anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na huitafuta yote miwili. Baada ya ile ajali alikuwa amemfungia binti rimu mpya kwenye baiskeli yake ya mbio, lakini tairi zilikuwa bado zile za zamani za kuazima.

"Rimu hizi hazitaki tyubu," alinieleza, akiigonga moja kwa kucha. "Tairi inabana yenyewe kwenye rimu. Ndani tunamimina dawa, hii nyeupe, kikombe kidogo cha kahawa. Ukikanyaga msumari, dawa inakimbilia tundu inaliziba, wewe unaendelea na safari zako. Halafu upepo hujazi mwingi. Kwenye tyubu ukipunguza upepo, shimo moja tu, pancha. Hapa unapunguza, tairi inalala vizuri barabarani, inashika."

"Inashika kwenye maji?"

"Ndiyo maana nimekuwekea hapa tatu, mama."

Alizipanga juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya mashindano, nyembamba, laini kabisa usoni, nyepesi mpaka unaweza kuining'iniza kwenye kidole kimoja. Ya pili ilikuwa ya mvua: mpira wake laini kama kifutio cha mwanafunzi, lakini mwembamba pia. Ya tatu ilikuwa ya majira yote, pana kidogo, nzito, yenye kitambaa kigumu chini ya mpira na michirizi midogo kandokando.

Binti alishika ya kwanza. Ya tatu hakuigusa.

"Hiyo ni ya wabeba mizigo," alisema.

"Wabeba mizigo hawaanguki, mwanangu," Fundi akasema, kisha akatambua alichosema, akaanza kutafuta miwani.

Nikauliza tena, "Ipi inashika zaidi kwenye maji?"

"Zote zinashika. Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea mwendeshaji. Lakini tazama hapa kwenye boksi, wameandika kwamba hii ya mvua..."

"Aliyeandika boksi ndiye anayeuza kilichomo. Unazo zilizochakaa? Za aina hizihizi tatu?"

Alikuwa nazo, zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango zikingoja kukatwa kamba za kufungia mizigo. Nikazichukua zote. Binti alinitazama kama mtu anayeona mama yake akiokota takataka mbele za watu.

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Kupima."

"Tairi haipimwi. Inaendeshwa."

"Kila kitu kinapimwa."

Maabara tuna chombo tunachokiita Bembea. Ni mkono wa chuma unaoning'inia kwenye miguu mitatu, na mwisho wa mkono una kiatu cha mpira. Unaimwagia lami maji, unauachia mkono, kiatu kinakwangua lami na kupanda upande wa pili. Lami ikiushika mpira, mkono unakosa nguvu ya kupanda na mshale unasimama kwenye namba kubwa. Ikiteleza, mkono unapaa na namba ni ndogo. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Kitabu chetu cha kazi kinataka kona kali isipungue hamsini na tano.

Jumanne saa ya chakula nilikata vipande vya zile tairi kwa kisu cha mshona viatu, nikavigundisha kimoja kimoja chini ya mkono wa Bembea. Dereva wa maabara alikuja na sahani yake, akasimama akitafuna.

"Mama Vipimo, leo tunapima ndala?"

"Tairi za baiskeli. Nishikie hiyo ndoo."

"Na mimi nina viatu vyangu vya kanisani vinateleza. Nivilete?"

"Vilete. Nikikupa namba utaacha kwenda?"

"Nitaacha kukimbia tu wakati wa sadaka."

Nilipima juu ya kipande cha lami tunachokihifadhi kwa majaribio, mapigo matano kwa kila mpira. Ya mashindano ilitoa hamsini na tatu. Ya majira yote sitini. Ya mvua sitini na nne. Jioni nikazisoma namba hizo mezani, na kabla baba yake hajamaliza kuuliza zinamaanisha nini, nikasema tunachukua ya mvua.

"Mimi nilitaka ya mashindano," binti alisema.

"Hamsini na tatu," nilimjibu.

Fundi alizifunga kesho yake. Alipaka maji ya sabuni kwenye kingo, akafungulia kompresa, na tairi ikaingia kwenye rimu kwa mlio mkali, mara mbili, mpaka jirani wa duka la vitambaa akachungulia kuona nani kapigwa. Kisha akamimina dawa na kuyazungusha magurudumu taratibu ili ienee. Tairi zilipendeza. Nikadhani kazi imekwisha.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumamosi. Nikaenda kusimama kwenye kona na mwavuli. Ni kona ya kushoto, kali, chini ya tangi la maji la saruji, na barabara inaifikia kwa mteremko mrefu. Binti alitokea juu akiwa na mwendo mzuri, akaja, akaja, na hatua ishirini kabla ya kona akasimama. Mguu chini.

"Mbona umesimama?" nilimpigia kelele. "Hiyo ni sitini na nne!"

"Mama, namba yako haishuki mlima. Ninayeshuka ni mimi."

"Tairi inashika. Na barabara inashika, niliipima."

Akaikokota baiskeli mpaka niliposimama. Maji yalikuwa yakimtiririka puani. "Ulipimia wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Nionyeshe kwa mguu."

Nikaonyesha. Niliuweka mguu ukingoni, hatua moja kutoka kwenye majani, bila kufikiri, kama unavyoweka funguo mahali pake pa kila siku. Yeye alitembea mpaka karibu na katikati ya upande wetu wa barabara, kwenye mkondo ambao magurudumu ya magari hupita, akakanyaga na kusugua soli.

"Mimi nilianguka hapa. Hapa pananihama kabla sijagusa kitu. Njoo usimame."

Gari lilikuwa likija, kwa hiyo sikwenda. Lakini sikuhitaji kwenda. Kutoka nilipokuwa niliiona lami ya pale aliposimama iking'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na ya chini ya mguu wangu haing'ai.

Lazima nieleze hapa jinsi tunavyofanya kazi. Kitabu kinasema pima kwenye mkondo wa magurudumu. Kupima hapo kunataka kufunga upande mmoja wa barabara, na kufunga barabara kunataka askari wawili wa usalama. Unaomba askari, hawaji. Unaomba tena, wanakuja saa nane wakati wewe ulikuwapo saa mbili. Basi dereva anaegesha gari pembeni, tunapima ukingoni ambako hatumzuii mtu, dakika kumi tumemaliza. Tunaita "kupima kwa adabu." Hatuuoni kuwa uongo, namba tunayoiandika ni namba tuliyoisoma kweli. Wakongwe walinifundisha mimi, na mimi nimewafundisha wanne. Ila ukingoni gari halipiti, na pasipopita gari kokoto hazisuguliki. Unapima barabara ambayo hakuna anayeitumia.

Miaka miwili nyuma niliandika hamsini na nane kwenye kona ile, nikasaini.

Tulipofika nyumbani nilimpigia Dereva nikamwambia Jumapili saa moja asubuhi aje na gari, Bembea, na koni zote.

"Jumapili, Mama Vipimo? Mungu mwenyewe alipumzika."

"Alikuwa amemaliza kazi yake. Mimi sijamaliza."

Alikuja. Alipanga koni, akasimama juu ya kona na bendera nyekundu akiyapungia magari machache ya asubuhi kwa madaha kama afisa. Binti alibeba kopo la kumwagilia maua. Kwanza tulipima ukingoni, kwa mpira wa kawaida wa maabara: hamsini na tisa. Kisha nikaihamisha Bembea mpaka kwenye mkondo wa magurudumu, nikaisawazisha, nikamwambia amwage maji. Mkono ukaenda, ukapaa.

"Soma wewe," nilimwambia.

Aliinama. "Thelathini na nne."

"Mwaga tena."

Tulirudia mara tano, na mara zote tano mshale ulisimama pale pale au karibu yake. Dereva alikuwa ameteremka kuona, bendera ameikunja kwapani. Nikabandika vipande vya tairi, kimoja baada ya kingine. Ya mashindano thelathini na moja. Ya majira yote thelathini na tano. Ya mvua, niliyoichagua kwa kujiamini, thelathini na saba. Tofauti iliyokuwa kubwa maabara ilikuwa imebaki kiduchu.

"Kwa hiyo sikukamata breki," binti alisema.

"Sijui kama ulikamata. Ninachojua ni kwamba hapa ukamate usikamate, hapashiki."

"Mama."

"Nini?"

"Sema tu."

Dereva akakumbuka koni zake, akaenda kuzinyoosha ingawa zilikuwa zimenyooka.

"Hukukosea," nilisema. "Niliyekosea ni mimi. Nilipimia ukingoni, halafu nikakulaumu miezi minane."

Hakulia wala hakunikumbatia. Hatuna desturi hiyo sana. Alilitazama kopo, akaona limebaki maji, akayamwaga yote pale alipoangukia. Kisha akauliza, "Na pale katikati, kati ya mkondo na mkondo?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko yangu yote. Tukapima kona nzima kwa upana, kila baada ya nusu hatua, kuanzia tunapoingia mpaka tunapotokea, na yeye akaandika namba kwa chaki juu ya lami. Katikati ya mikondo arobaini na tano, arobaini na sita. Kwenye mikondo yenyewe thelathini na kidogo. Ukingoni, utepe wa upana wa hatua moja, haukushuka chini ya hamsini na saba hata mahali pamoja.

"Njia ni hii," nilisema. "Unapunguza mwendo juu, kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima. Ukishaingia huna kazi na breki. Unashika ukingo mpaka unatokea."

"Ukingo una mchanga na chupa."

"Nimeona."

"Na kona inakuwa kali zaidi huko. Nitapita polepole."

"Utapita."

Jumatatu niliandika taarifa. Mkuu wa maabara aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

"Andika kwamba lami imesuguliwa tangu kipimo cha kwanza," alisema. "Miaka miwili si mchezo. Na ni kweli pia."

"Ni nusu ya kweli."

"Nusu inatosha kwenye karatasi ya serikali, dada yangu. Unataka kujivua nguo mbele za watu?"

"Nimeandika kilichotokea. Kipimo kilichukuliwa nje ya mkondo wa magurudumu. Aliyekichukua ni mimi."

Alinitolea uvivu, akanieleza nilivyowaaibisha wote pamoja na wakongwe waliokwisha kustaafu. Nilimwacha amalize. Mwisho alisaini, na mimi akaniondoa kwenye kazi za barabarani nikarudi ndani kuchekecha kokoto, ambako niliwahi kuanzia nikiwa mwanafunzi wa mazoezi. Siku nne baadaye likawekwa bango la utelezi juu ya kona. Lami mpya, walisema, itamwagwa mvua zikiisha. Mchujo ungefanyika kabla.

Kwa kocha nilikwenda mwenyewe na mchoro.

"Barabara ni ileile kwa wote, mama," alisema.

"Si ileile. Tazama namba."

"Namaanisha kila mtu atapita hapohapo."

"Ndicho ninachokuambia: wasipite hapohapo."

Aliukunja mchoro, akautia mfukoni, akaniahidi kuuangalia kwa namna ambayo watu huahidi kwenda kumwona jamaa aliye mbali. Njia hakuibadilisha.

Wakati huo binti alikuwa ameanza mazoezi ya ukingoni. Siku ya kwanza ya mvua alishuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji, lakini alishuka. Hakuweka mguu chini. Ya pili akaongeza. Ya tatu sikuwapo. Nilirudi kazini nikamkuta barazani, mgongo wote una madoa meupe, gurudumu la nyuma limelala tairi kama ganda la ndizi.

"Chupa," alisema. "Dawa imeruka yote. Haikuziba."

Alikuwa ametembea na baiskeli begani karibu saa nzima. Nilitazama uso wake nikitafuta ile "sawa" ya zamani. Haikuwapo. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa juu ya tairi, si juu yake mwenyewe. Nikaona hayo ni maendeleo.

Kwa Fundi aliingia yeye mbele. Fundi aliuvuta ule mpasuko kwa vidole viwili, ukafunguka.

"Dawa inaziba tundu, mwanangu. Huu si tundu, huu ni mdomo. Ya mvua ni laini, ndiyo inashika, lakini chupa nayo inaipenda."

"Nipe ile ya wabeba mizigo," binti alisema.

Nikaingilia. "Ile ni sitini. Hii ni sitini na nne."

"Mama, sitini yenye upepo inaishinda sitini na nne isiyo na upepo."

Fundi akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho nadhani hakikupotea. Siku zote nilikuwa nimechagua tairi ya kushika lami niliyoiosha kwa ndoo mezani. Yeye alikuwa akichagua tairi ya kupita kwenye mchanga, vigae na chupa, kwa sababu ndiko njia ilikokuwa. Namba zangu hazikuwa na makosa. Nilichokosea, tena kwa mara ya pili, ni mahali.

"Upepo kiasi gani?" Fundi alimuuliza yeye.

"Sitini nyuma. Mbele hamsini na tano. Nikiona inayumba nitaongeza."

Nilitaka kusema kitu kuhusu uzito wake na hamsini na tano. Nikafungua pochi nikalipa.

Jioni moja kabla ya mchujo aliniomba mchoro wa kona nimtolee nakala tisa.

"Tisa za nini? Wewe ni mmoja."

"Tuko tisa."

"Na nafasi ni sita. Hao ndio wanaokuita Breki."

"Najua wanavyoniita." Alikuwa akipaka mafuta mnyororo na hakuinua kichwa. "Mama, nataka kuwashinda kwenye mlima. Pale kwenye kona si mahali pa kumshindia mtu."

Baba yake, aliyekuwa na redio iliyofunguliwa tumbo mapajani, alisema, "Mtolee." Nikamtolea.

Baadaye niliambiwa kwamba walizipokea kwa vicheko. Mmoja alisema Breki sasa anagawa ramani ya kuogopa. Mwingine aliitumia kufutia miwani. Wawili waliisoma.

Siku ya mchujo mvua ilianza kabla ya kipenga na haikukatika. Nilivaa jaketi langu la kazini linalong'aa, nikasimama nje ya kona, upande wa tangi, ambako hakuna anayeweza kunikanyaga. Hapo huoni mwanzo wala mwisho wa mbio. Unaona kona tu.

Mzunguko wa kwanza walikuja wamesambaa. Watatu wa mbele walipita katikati, kama walivyozoea, na wa pili wao gurudumu la nyuma lilimtoka, likaenda pembeni, likarudi. Sijui alilirudishaje, na nadhani yeye pia hajui. Binti alikuja wa tano. Nilimsikia akipunguza mwendo juu kabisa, mbali na kona, halafu sauti ya breki ikakoma. Akaingia ukingoni. Tairi zile pana zilikuwa zikitafuna mchanga kwa sauti ya mtu anayekanyaga sukari iliyomwagika. Alipita polepole kuliko wale watatu. Alipita.

Mzunguko wa pili yule aliyenusurika kuanguka alikuja nyuma ya binti, gurudumu kwa gurudumu, ukingoni. Na wengine watatu nyuma ya huyo. Wa katikati walibaki wanne. Mmoja wao aliweka mguu chini, kiatu kikaburura mpaka akasimama upande wa pili wa barabara, akalitukana tangi.

Wa tatu, walibaki wawili.

Wa nne nilisubiri muda mrefu. Nilianza kuhesabu bila sababu, kama ninavyohesabu mapigo ya Bembea. Kisha wakatokea wote juu ya mteremko, na hawakuwa kundi. Walikuwa mstari mmoja, tisa, na mbele alikuwa yeye. Hakuna aliyejaribu kumpita. Alipoinuka kidogo na kupunguza mwendo, wote nyuma yake wakainuka na kupunguza, mmoja baada ya mwingine. Akaachia breki, akalaza baiskeli, akaushika ukingo. Hakunitazama. Alitazama mahali gurudumu lilipokuwa linakwenda. Nikahesabu mpaka tisa, barabara ikabaki na maji yake.

Mlimani wanne walimpita, kwa kuwa miguu yao ni bora, na mmoja wa hao yeye akamrudia karibu na juu. Alimaliza wa nne. Kocha alisoma majina sita chini ya turubai lililokuwa likivuja, akalisoma lake bila kubadili sauti, na yeye akaitikia bila kubadili sauti.

Nilimkuta ameegemea gari la maabara, ambalo Dereva alinileta nalo, anatetemeka kwa baridi, matope mpaka kwenye meno. Nikamvua helmeti. Nikaangalia tairi ya nyuma, kisha ya mbele, nikizibonyeza kwa kidole gumba, zote zina upepo.

"Mama," alisema, "umekuja na chakula au umekuja na namba?"

Nilikuwa nimekuja na chakula. Alikula akiwa ameketi.